Wino Unaofutika, Wino Unaotoboa: Hotuba Kuhusu Hati za Mafunjo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wenzangu wa maktaba na nyaraka, nanyi wanafunzi mliojibana huko nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie hati za kale za mafunjo na jinsi zinavyoharibika. Kwa kawaida mada hii ina washtakiwa wanaojulikana: maji, mdudu, jua, na mikono ya watu. Leo naleta mshtakiwa mwingine, ambaye amekuwamo ndani ya hati tangu siku ilipoandikwa. Ni wino. Na ili mpate muda wa kujiandaa kunipinga, nasema mapema ninachoamini. Wino ambao makarani wa kale waliuona dhaifu kwa sababu unafutika kwa maji ndio uliotufikishia maandishi ya miaka elfu nne na nusu yakiwa bado meusi tii. Wino uliobuniwa makusudi usifutike ndio unaotoboa hati na kudondosha herufi.

Tuanze na kinacholiwa. Mafunjo mnayajua, ni yale yaliyojaa kandokando ya Ziwa Naivasha, Ziwa Victoria na mabwawa ya Uganda. Bua lake lina pembe tatu na kiini cheupe. Wamisri walilimenya bua, wakakikata kiini vipande virefu vyembamba, wakavipanga safu moja ya mlalo na juu yake safu ya wima, kisha wakagandamiza. Utomvu wa mmea wenyewe ulisaidia kushikanisha safu hizo mbili. Karatasi zikakaushwa, zikaunganishwa ncha kwa ncha, zikakunjwa kuwa gombo. Katika kaburi la ofisa mmoja aitwaye Hemaka, pale Saqqara, lilikutwa gombo tupu kabisa, halina hata nukta, la yapata mwaka 2900 KK. Kwa hiyo mafunjo yenyewe, bila wino, hewa ikiwa kavu, ni mavumilivu kupita tunavyodhani. Ndani yake mna selulosi, ambayo ndiyo nguvu ya nyuzi, na lignini kwa wingi, ambayo ndiyo inayoyafanya yageuke hudhurungi yakipigwa na mwanga. Shikeni neno selulosi, maana ndiyo itakayoshambuliwa baadaye.

Mafunjo ya kale zaidi yenye maandishi yaligunduliwa mwaka 2013 na timu ya Pierre Tallet huko Wadi al-Jarf, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Ni kumbukumbu za kazi za msimamizi mmoja jina lake Merer, wa zama za Farao Khufu, huyu wa Piramidi Kuu. Merer na watu wake, kama arobaini hivi, walikuwa wakisafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura kwenda Giza, na kila siku karani aliandika wamelala wapi na wamepakia nini. Ni makaratasi ya ofisini kabisa. Yameandikwa kwa wino mweusi na mwekundu, na yapo vipande vinavyosomeka leo kama vile karani ametoka tu kwenda kunywa maji.

Kwa nini vinasomeka? Wino mweusi ule ni masizi. Unakusanya masizi ya taa au ya chungu, unayasaga, unayachanganya na gundi ya mgunga na maji, unayaacha yakauke yawe kidonge. Karani analowesha kalamu yake, anaisugua juu ya kidonge, anaandika. Masizi ni kaboni, na kaboni katika hali ya kawaida ya chumba haina ugomvi na mtu. Haishikani na oksijeni, mwanga hauipaushi, haitoi asidi, ukungu hauli. Ukiitazama kwa hadubini unaiona imelala juu ya nyuzi za mafunjo, mahali pengine imejaa kwenye vibonde kati ya uzi na uzi, lakini haijazama ndani. Gundi ndiyo inayoishikilia hapo.

Wino mwekundu una somo lake zuri, nitalirudia baadaye kidogo, kwa hiyo naomba mlitunze. Wekundu ule kwa kawaida ni udongo wenye chuma, ndugu wa ngeu ya mafundi seremala. Una chuma tele. Na bado vichwa vya habari vilivyoandikwa kwa wekundu huo, kama vile kwenye gombo la tiba la Ebers lililoko Leipzig, la karibu mwaka 1550 KK, havijatoboa kitu. Kuwa na chuma peke yake si kosa.

Sasa udhaifu wa masizi. Gundi ya mgunga huyeyuka kwenye maji. Mimina maji juu ya hati ya masizi na herufi zinaondoka. Watu wa kale walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi, na waliishi nalo kwa namna nyingi, nyingine za kuchekesha.

Kuna hadithi ya Kimisri ya Setne, imeandikwa kwa Kidemotiki, mwandiko wa mkato wa Wamisri wa kale, ndani yake mna mtu aitwaye Naneferkaptah aliyekipata kitabu cha uganga cha mungu Thoth. Akaagiza karatasi mpya ya mafunjo, akanakili kila neno la kitabu kile, akailoweka kwenye bia, akaiyeyusha kwenye maji, akanywa, na yote yaliyoandikwa yakawa kichwani mwake. Naona wazee wangu wa pwani wanatabasamu. Ndiyo, sote tunalijua kombe: aya huandikwa kwenye sahani kwa zafarani na marashi, zikasuuzwa, mgonjwa akanywa. Na katika Biblia, Hesabu sura ya 5, kuhani anaandika laana kitabuni kisha anazifuta ndani ya maji machungu anayonyweshwa mwanamke. Tofauti ni nyingi kati ya mambo haya matatu na sitaki mtu aondoke hapa akisema nimeyafanya kitu kimoja. Ninachosema ni cha mtu wa maabara: yote matatu yanahitaji wino unaokubali kuachia.

Warumi nao walifuta kwa sifongo. Suetonius anaeleza mashindano ya hotuba yaliyofanywa na Mfalme Caligula kule Lugdunum, ambako leo ni Lyon, Ufaransa. Walioshindwa vibaya kabisa waliamriwa wafute hotuba zao kwa sifongo, au kwa ulimi, la sivyo wachapwe fimbo au watupwe mtoni. Mimi kama mzungumzaji wa leo ninamshukuru mwenyekiti kwa kutokuwa Caligula. Ila tazameni jambo lenyewe: hotuba nzima inaweza kulambwa ikaisha. Kwa mshairi asiyependa alichoandika jana hiyo ni raha. Kwa mkopeshaji, kwa hakimu, kwa mtoza ushuru, hiyo ni balaa. Hati ya deni inayofutika kwa mate si hati.

Kwa hiyo watu wakaanza kutafuta wino wenye meno. Pliny Mkubwa, mwanachuoni wa Kirumi wa karne ya 1, anaandika kwamba wino ukichanganywa na siki huwa mgumu kuoshwa. Anasema pia kwamba wino uliochanganywa na maji ya mmea mchungu wa pakanga hulinda maandishi dhidi ya panya. Hapa mimi husimama kidogo kila ninaposoma. Siki ni asidi. Hamu ya kupata wino usiofutika inaleta asidi kwenye mafunjo, na anayetuambia anaona ni ushauri mzuri. Naye alikuwa mtu aliyejali umri wa hati, kwa sababu anatuambia aliziona karatasi za mafunjo zenye mwandiko wa ndugu wawili, Tiberius na Gaius Gracchus, zikiwa na karibu miaka 200.

Mlango mwingine ulikuwa umeshafunguliwa zamani zaidi. Katika karne ya 3 KK, Philo wa Byzantium alieleza ujanja wa maandishi ya siri ya vitani. Unaandika kwa maji ya vinundu vile vinavyoota kwenye mwaloni mdudu akitaga mayai, na maandishi hayaonekani. Anayeyapokea anayapaka kwa sifongo chumvi ya madini, na maneno yanajitokeza. Vinundu hivyo vimejaa tanini. Tanini ikikutana na chumvi ya chuma inatoa weusi. Ujanja wa majasusi, ukiuchanganya mapema kwenye kidau kimoja na kuongeza gundi, unakuwa wino wa kila siku. Kuanzia karne ya 4 BK hivi wino wa namna hii, ambao leo umekuwa wa kahawia, unaonekana kwa wingi kwenye hati za Kigiriki na za Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, kutoka huko Misri. Baadaye ulitawala Ulaya nzima kwa zaidi ya miaka elfu.

Ulipendwa kwa sababu unazama. Unapoandikwa huwa mwepesi, karibu kijivu. Unaingia ndani ya nyuzi, kisha hewa inaugeuza kuwa mweusi humohumo ulimoingia. Sifongo haliuwezi. Ukitaka kuufuta ni lazima ukwangue, na mafunjo yaliyokwanguliwa yanajulikana mara moja. Hakimu amefurahi.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe, maana hapa ndipo penye kesi. Chumvi ya chuma iliyotumika ni salfeti ya chuma. Ikiungana na tanini, pamoja na ule weusi inabaki asidi ya salfa. Wino mbichi wa aina hii mara nyingi una pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, kati ya 2 na 3, mkali karibu na maji ya ndimu. Asidi hiyo haiishi kwa sababu wino umekauka. Inakaa kwenye uzi wa mafunjo, na kila unyevu unapopita inafanya kazi. Molekuli ya selulosi ni mnyororo mrefu sana wa sukari. Asidi inaukata pale pete zinapoungana. Kata moja hapa, kata moja pale, na uzi uliokuwa unapindika unakuwa wa kuvunjika, mithili ya shanga ambazo uzi wake umeoza: kila punje iko mahali pake mpaka mtu aziguse.

Asidi ni nusu ya kesi tu. Waganga wa wino wa zamani hawakupima kwa mizani ya maabara, na mapishi mengi yaliyobaki yana chumvi ya chuma kupita kiasi ambacho tanini inaweza kukishika. Chuma kilichobaki huru, kile ambacho wanakemia wanakiita chuma mbili, ni kichocheo. Kinashirikiana na oksijeni ya hewani kutengeneza chembe kali zinazoivamia selulosi, kisha chenyewe kinarudi katika hali ya kuweza kuanza upya. Hakiishi. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja wa kalamu kuna mashambulizi mawili kwa pamoja, moja la kukata na moja la kuunguza, na yote mawili yanaongezeka hewa ikiwa na joto na unyevu.

Sasa mnaona kwa nini niliwaomba mtunze ule wekundu. Udongo mwekundu ni chuma ambacho kimeshamaliza ugomvi wake na oksijeni. Ni kutu, hakiyeyuki, hakitembei. Chuma cha wino wa vinundu bado kina njaa. Na shaba ni vivyo hivyo. Kwenye Vitabu vya Wafu, yale magombo ya dua waliyozikwa nayo Wamisri, vyenye picha za rangi, bluu ya Kimisri ina shaba, lakini shaba imefungwa ndani ya kitu kama kioo kilichochomwa tanuruni, na chini yake mafunjo yako salama. Zipo rangi za kijani zilizotengenezwa kwa michanganyiko mingine ya shaba isiyofungwa vile, na hizo zimegeuka kahawia, mafunjo chini yake yamekuwa magumu, yamepasuka, mahali pengine umbo zima la nguo au jani limedondoka na kuacha dirisha. Mchoraji alitaka kijani. Alichopata ni tundu lenye umbo la kijani.

Nataka niwaonyeshe herufi moja kwa karibu. Chukueni O ya Kikopti, yenye upana wa milimita nne, imeandikwa kwa wino wa vinundu kwenye kipande ambacho kimekaa miaka kabatini. Kwa jicho tupu ni duara la kahawia. Chini ya hadubini, kando ya mstari kuna kivuli, rangi nyepesi ya manjano iliyotambaa kufuata nyuzi, kwa sababu asidi na chuma havikai palipoandikwa peke yake. Geuza kipande: duara linaonekana upande wa pili, limepenya. Tazama tena mbele, kuna ufa mwembamba unaofuata mstari upande wa kushoto, na ufa mwingine juu kulia. Nyufa zikikutana, kile kiduara cha katikati, ambacho hakina wino wowote na hakina kosa lolote, kinaanguka. Ndiyo maana watu wa kazi hii hawatupi vumbi lililobaki chini ya bahasha ya hati kabla ya kulipitia kwa kioo cha kukuzia.

Tunajuaje ni wino gani bila kukwangua? Kwa mwanga. Kamera ndogo ya hadubini yenye taa tatu inatosha kwa hatua ya kwanza: taa ya kawaida, na mbili za mwanga usioonekana kwa macho, ya urujuanimno na ya infraredi. Masizi hubaki meusi chini ya infraredi, hayabadiliki. Wino wa vinundu unafifia, na ukisogea kwenye infraredi ya mbali kidogo unapotea kabisa, karatasi inabaki tupu. Ni jambo la kufurahisha kuliona mara ya kwanza. Lakini kuna hati zinazokataa kuingia kwenye kapu lolote, zinafifia nusu, kwa sababu wino wake ni mchanganyiko.

Mfano mashuhuri ni kodeksi, yaani kitabu cha kurasa na si gombo, yenye Injili ya Yuda; ni kitabu cha Kikopti kilichotoka Misri katika miaka ya 1970. Kipimo cha umri kwa kaboni kiliiweka karibu mwaka 280 BK, kwa tofauti ya miaka 60 huku au huku, na uchunguzi wa wino ulikuta masizi na wino wa vinundu pamoja. Hapa lakini lazima nimtendee mshtakiwa wangu haki. Kitabu hicho kilifungiwa kwenye sanduku la benki huko Hicksville, New York, kwa miaka 16, kisha mfanyabiashara mmoja akakiweka kwenye friza. Kilipowafikia wahifadhi mwaka 2001 kilikuwa mamia ya vipande. Barafu ikiyeyuka ni maji, na maji ndiyo yanayoamsha asidi na kulegeza gundi kwa wakati mmoja. Wino ulikuwa na lake, ila friza ni letu sisi binadamu.

Tulipokuwa tunadhani masizi ni masizi tu, sinkrotroni ya Grenoble, Ufaransa, mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana, ikatuvuruga. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wenzao walichapisha uchunguzi wa vipande vya mafunjo, vingine kutoka karatasi binafsi za askari aitwaye Horus wa Pathyris, vingine kutoka maktaba ya hekalu la Tebtunis, yote miwili miji ya kale ya Misri. Ndani ya wino wa masizi walikuta shaba. Inaelekea masizi yenyewe yalitoka kwenye mabaki ya kazi za kuyeyusha madini. Mwaka 2020 wakarudi na vipande 12 vya Tebtunis, vya miaka ya 100 hadi 200 BK, wakakuta risasi, ile metali nzito, kwenye wino mwekundu na hata mweusi. Haikuwa rangi. Inaonekana iliwekwa ili wino ukauke haraka, kama wachoraji wa Ulaya walivyokuja kufanya kwenye rangi za mafuta katika karne ya 15. Kwa hadubini ya eksirei waliona punje za udongo mwekundu zimekaa juu, na risasi imezunguka pembeni, imenyonywa na nyuzi. Kwa mhifadhi, habari hii ina maana nzito. Hati ambayo ningesema kwa macho kwamba ni ya masizi, salama, haina neno, huenda ina shaba ndani yake, na shaba ni kichocheo ndugu yake chuma. Sasa nitaipima kwanza.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Lazima nifike Herculaneum, maana huko hoja yangu inapinduka na itakuwa udanganyifu kuificha.

Mwaka 79 BK volkano ya Vesuvius, huko Italia, ilizika miji ya Pompeii na Herculaneum. Pliny wetu wa siki alikufa katika mlipuko huohuo. Katika jumba moja la Herculaneum yalibaki mamia ya magombo, mengi ya mwanafalsafa Philodemus, yaliyochimbuliwa katika miaka ya 1750 yakiwa yamegeuka mkaa. Kuyafungua kwa mkono kuliyasaga. Siku hizi yanapigwa eksirei yakiwa yamekunjwa, kisha kompyuta inayakunjua. Na hapo wino wangu mwema, wino wa masizi usiodhuru mtu, ukawa msiba, kwa sababu kwa eksirei kaboni juu ya mkaa ni kaboni juu ya kaboni. Huoni kitu. Kama makarani wale wangetumia wino wenye chuma tele, tungekuwa tumeyasoma magombo mengi zamani.

Njia ikapatikana kwa kutazama umbo badala ya uzito. Wino ukikauka juu ya mafunjo unaacha nyufa ndogondogo, na mwaka 2023 programu za kompyuta zilifundishwa kuzitambua. Mwanafunzi wa Nebraska, Luke Farritor, akasoma neno la kwanza, la Kigiriki, lenye maana ya zambarau. Miezi michache baadaye yeye, Youssef Nader ambaye ni Mmisri aliyekuwa akisoma Berlin, na Julian Schilliger wakapewa dola 700,000 kwa kusoma safu nzima za maandishi. Lakini tayari mwaka 2016 risasi ilikuwa imekutwa kwenye wino wa vipande viwili vya Herculaneum. Na mwaka 2025 gombo moja lililoko maktaba ya Bodleian, Oxford, lilionyesha wino wake kwenye eksirei kwa uwazi kuliko mengine. Wataalamu wanashuku una kitu kizito zaidi ndani, pengine risasi. Likasomwa hadi jina lake, kitabu cha Philodemus kuhusu maovu. Metali ninayoiogopa kabatini ndiyo ninayoiombea dua kwenye eksirei. Sina namna ya kulilainisha hilo.

Basi tufanye nini na hati zetu? Nasema zetu kwa sababu makasha ya pwani hii yana hati nyingi, na ingawa ni za karatasi, karatasi nayo ni selulosi, hesabu ni ileile. Ukiona maandishi ya kahawia yenye kivuli pembeni na yanayoonekana upande wa pili, shuku chuma. Usiisafishe kwa kitambaa chenye maji, na usilambe kidole kufungua kurasa. Usipeleke kwenye duka la laminesheni, maana moto ule na plastiki ile vinafungia asidi ndani na hakuna wa kuitoa. Usibandike selotepu. Iweke mahali pakavu penye baridi ya wastani, unyevu wa hewa karibu asilimia 50, na zaidi ya yote usiopanda na kushuka kila siku. Najua hapa kwetu unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi, na najua bei ya umeme. Kabati lililofungwa vizuri, lililo mbali na ukuta wa nje, ni mwanzo unaowezekana.

Kwa karatasi ipo tiba iliyoanzishwa na Johan Neevel huko Uholanzi katika miaka ya 1990, ya kuogesha hati kwenye maji yenye fitati ya kalsiamu. Fitati inatoka kwenye mbegu za nafaka. Inakishika kile chuma huru, na kalsiamu inatuliza asidi. Ni kazi nzuri sana, lakini ni kuogesha. Mafunjo huwezi kuyaogesha hivyo, safu zake na gundi ya wino haziaminiki ndani ya maji. Kwa mafunjo tunalainisha kwa unyevu kidogo tu unaopita kwenye kitambaa, tunanyoosha nyuzi kwa koleo ndogo chini ya hadubini, tunashikiza palipopasuka kwa vijipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kisha tunaweka kati ya vioo viwili. Halafu tunapiga picha, za mwanga wa kawaida na za infraredi, kwa sababu ile O niliyowaeleza inaweza isiwepo mwaka mwingine.

Wanafunzi wengi hununa wakifika chumba cha kusomea nyaraka na kunyang'anywa kalamu ya wino mlangoni, wakapewa penseli. Mnadhani ni ukorofi wa wazee. Penseli ni grafiti, na grafiti ni kaboni: haina asidi, haizami, na ikikosewa inafutika bila kukwangua. Hata namba tunazoandika kwenye kona ya hati zenyewe tunaziandika kwa penseli laini.

Nimemaliza. Yule aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja siki, karibu uulize.